Nani Mwenye Sentensi Hii?

Mmeniomba mawaidha, nyinyi walimu vijana mnaobaki. Mawaidha sina. Nina ugomvi, na kwa kuwa nimeshastaafu na hakuna mtu wa kunihamisha tena, nitausema wote. Siku ile ya chai yenu ya kuniaga nilimsikia mmoja wenu, simtaji, akijisifu kwamba amewapa sifuri watoto wa darasa zima kwa sababu insha zao zilifanana. Nilikuwa na keki mdomoni, ndiyo maana hakupata jibu. Sasa keki imekwisha. Kaeni chini.

Mambo ya vyeo na mishahara mtayaulizia kwingine. Mimi ni mtu wa insha. Tangu miaka ya hamsini nimesoma insha za watoto kwa kila somo lililowahi kuandikwa ubaoni: mvua ya mawe, malaria, ujenzi wa reli, ufugaji wa nyuki, kwa nini mkate huumuka, kwa nini jua halianguki. Nyingine zilinivunja mbavu, nyingine zilinitoa machozi, na nyingi, tusidanganyane, zilinitia usingizi. Lakini darasa nitakalowaeleza ni lile la kwanza kabisa, na yaliyolipata sijayasamehe mpaka leo.

Mimi ni wa Bondeni, Nakuru mjini. Baba yangu, Mzee Salim, alikuwa fundi cherehani. Baba yake alipanda na reli kutoka pwani akakwama huku kwenye baridi, nasi tukazaliwa hapa hapa. Nilipopata kazi katika shule ya kati nje ya Njoro, majirani walicheka. Mwanamke, Mwislamu, tena mtoto wa mjini, akafundishe watoto wa vibarua katikati ya mashamba ya ngano ya Wazungu? Wakasema muhula hautaisha kabla sijarudi. Mama alinifungia blanketi mbili na chupa ya mafuta ya karafuu. Akanibana mkono mpaka nikaumia. Ilikuwa ni miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha kuipinga, askari walikuwa kila njia panda, na mtu aliyetoka kwake asubuhi hakuwa na hakika ya kurudi jioni.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilitaka wanione. Waliniona kweli, maana kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la njia ya matrekta, nami nikaingia shuleni nimeshika kingine mkononi. Mlangoni alisimama mwalimu mkuu, Mwalimu Jeremia, mtu mzima wa kutoka magharibi ambaye baba yake aliitumikia reli mpaka mgongo ukapinda. Aliniangalia miguu, akaangalia tope, akasema, "Binti Salim, hapa somo la kwanza ni gambuti." Akaingia stoo akaniletea zake. Zilinipwaya vibaya. Nilifundisha siku nzima nikiburuta miguu, na watoto wa darasa la nane, kwa adabu zao, hawakucheka hata mmoja.

Vifaa vyetu mngeviona mngelia. Kila mtoto alipewa daftari moja la insha kwa muhula mzima, jembamba kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Wino ulikuwa wa unga, tunauchanganya na maji kwenye chupa, na ukiukosea kipimo maandishi yanakuwa ya rangi ya chai. Nibu zilivunjika ovyo. Penseli nyekundu ya kusahihishia ilikuwa moja. Mwalimu Jeremia aliikata katikati kwa wembe, nusu akanipa mimi, nusu akampa mwalimu wa darasa la saba. Akaniambia, "Karatasi ni ya mwisho, Binti Salim. Mdomo kwanza."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona akifundisha. Alisimama nyuma ya darasa, si mbele. "Leo ni nzi," akasema, basi, hakuongeza neno. Mtoto mmoja akaanza: "Nzi ni mdudu mbaya." Darasa likaguna. Mwingine akajaribu: "Nzi ni mdudu asiye na adabu." Wakaguna kidogo, lakini kwa sauti ya watu wanaoanza kusikia njaa. Ndipo msichana mmoja mrefu wa dirishani akasema taratibu, "Nzi hana choo chake. Hutumia chetu, kisha huja mezani bila kunawa." Viganja vikapiga madawati kwa pamoja. "Imekaa!" darasa zima likasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lao. Sentensi ikishakaa, haikuwa na mwenyewe tena. Kila mmoja aliichukua kichwani, na siku ya kuandika, karatasi ikiruhusiwa kufunguliwa, kila mmoja aliiandika. Wao hawakuona kuwa ni kunakili hata kidogo. Kuiacha sentensi iliyokaa ilikuwa ni kama kukaribishwa chakula ukakisukuma pembeni. Wenzako wangekuuliza una maringo gani. Mimi niliyesoma mjini, tukifunika madaftari yetu kwa mikono ili jirani asichungulie, nilishangaa wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaona vichwa vinavyofanya kazi. Mtoto aliyekuwa haongei kabisa alitoa kiungo kimoja tu, neno "kisha" mahali pa "halafu", darasa likasema imekaa, na tangu siku hiyo akaanza kuinua mkono. Nikaacha kushangaa.

Yule msichana wa dirishani alikuwa Nekesa. Baba yake na babu yake wote walikuwa watu wa reli, wanakaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na stesheni. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, kwa sababu mama yake alipofariki alikaa nyumbani akilea wadogo zake, na akarudi shule wakati wenzake wa umri wake walishaolewa. Umri wake haukumruhusu kurudia darasa. Akifanya mtihani wa darasa la nane akapasi, ataendelea. Akiukosa mwaka ule, basi, ni shamba la pareto, kuchuma maua kwa kikapu mpaka uzee. Alilijua hilo na hakulizungumzia. Siku moja tu aliniambia, "Mwalimu, mimi maua nayapenda nikiyaona kwa mbali."

Watoto walikuwa wakitunga hata njiani. Shule ikitoka utawaona kwenye barabara ya mashamba, wengine wanaelekea kwenye kambi za vibarua, wengine landi, wanasema kwa pamoja kwa sauti ile ya kukariri, anayekosea anarudishwa nyuma. Sasa fikirieni miaka ile. Kundi la watoto wa Kiafrika, baadhi yao Wakikuyu, wanatembea wakisema maneno kwa mdundo! Askari mmoja akawasimamisha. Habari hii niliipata kwa Kiptoo, mtoto wa mkamuaji ng'ombe, aliyekuwa na mdomo usio na breki.

"Mnaimba nini nyinyi? Nyimbo za kiapo?"

"Hapana, afande," Kiptoo akajibu. "Ni mmomonyoko wa udongo."

"Mmomonyoko gani? Semeni yote niisikie!"

Wakaisema yote, mwanzo hadi mwisho, wakiwa wamesimama mstari mmoja na mikono kichwani. Askari akasikiliza bunduki ikiwa begani. Walipomaliza akauliza kwa hasira, "Na matuta? Mbona matuta hamkuyataja? Kwetu tunachimba matuta kuzuia maji!" Kesho yake matuta yaliingia kwenye insha, na darasa likasema imekaa. Nilicheka mpaka nikashika ubao. Mwalimu Jeremia hakucheka. Aliniambia, "Huyo amewaachilia, lakini atakuwa amesema mahali." Alijua aliyokuwa akiyasema.

Miezi michache kabla ya mtihani mkubwa tulifanya wa majaribio, karatasi tukazipeleka kwa supavaiza wa shule. Mada ya insha ilikuwa jinsi reli ilivyobadilisha nchi yetu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Supavaiza alikuja kwa pikipiki. Jina lake Bwana Obadia, Mwafrika mwenzetu, kaptura ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, soksi magotini, kalamu tatu kifuani. Alizitandaza zile karatasi kwenye meza ya mwalimu mkuu, zote, akaanza kugonga kidole. Hapa, na hapa, na hapa. Sentensi moja kwa watoto wote. Nayo ilikuwa hii: "Kitabu kinasema reli ilijengwa na bwana mmoja; babu zetu walikuwapo, na hawakumwona akibeba hata taruma moja." Taruma, kwa msiojua, ni yale magogo mazito yanayolazwa chini ya vyuma vya reli.

"Darasa zima limenakili," akasema.

"Halikunakili," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi nina macho."

"Na mimi nina darasa, Bwana Supavaiza. Ndivyo wanavyotunga. Keti kesho uwasikilize."

Alimgeukia Mwalimu Jeremia kama mtu anayeomba msaada kwa mwanamume mwenzake. Mwalimu Jeremia akasema tu, "Ndivyo wanavyotunga," akaendelea kusafisha miwani yake. Bwana Obadia akavuta kiti, akateremsha sauti. Kunakili, alisema, angeweza kukufumbia macho. Lakini maneno yale! Miaka hii! Ripoti ya askari kuhusu watoto wanaoimba barabarani ilikuwa imefika ofisini, na sasa hii. Karatasi ikionekana na mkubwa wake Mzungu, nani ataulizwa? Akapendekeza njia aliyoiona rahisi. Tumtaje mtoto mmoja aliyeanzisha sentensi ile, huyo aondolewe shuleni, wengine wafanye mtihani wao kwa amani. Mtoto mmoja tu, akasema, kana kwamba anatupunguzia bei sokoni.

Nilijua anayetakiwa ni nani. Babu wa reli alikuwa babu ya Nekesa, kila mtu angelisema hilo bila kufikiri. Damu ilinipanda kichwani. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, niliweza kumhurumia Bwana Obadia kidogo, alikuwa na watoto wake na hofu zake. Siku hiyo sikumhurumia hata chembe. Nilimkazia macho makavu nikamwambia, "Jina hulipati kwangu. Ng'o!"

"Basi nitawauliza wenyewe."

Akaingia darasani, karatasi mkononi, akaisoma sentensi kwa sauti. "Nani mwenye sentensi hii?"

Mlidhani watanyamaza? Hawakunyamaza. Walianza kubishana! Wallahi nilidhani naota. Kiptoo alisema neno "taruma" alilileta yeye, maana Nekesa alikuwa amesema "mzigo", na mzigo hata mwanamke hubeba. Nekesa akasema ndiyo, lakini "hata moja" ni la Wambui. Wambui, msichana mdogo mwembamba ambaye nusu ya ukoo wake ilikuwa imepakiwa kwenye malori ya kurudishwa kwao mwaka uliotangulia, akasema hapana, yeye alileta "walikuwapo", kwa sababu bila hilo mtu atauliza babu zetu walijuaje. Mwingine nyuma akadai ile nukta-mkato ni yake. Walimsahau kabisa supavaiza. Walikuwa wanagombania haki, kila mmoja anamrudishia mwenzake kipande chake, na wala hawakuona kuwa kila anayejitaja anajiweka kitanzini. Bwana Obadia alisimama pale akigeuza kichwa huku na huku.

"Kwa hiyo haina mwenyewe?" akauliza.

Nekesa akasimama. "Inaye, Bwana. Si ni sisi?"

Bwana Obadia alitoka nje akakaa muda juu ya pikipiki bila kuiwasha. Kisha akarudi na uamuzi. Kesho atakuja na mada zake mwenyewe, kila mtoto na yake, somo lake mbali na la mwenzake. Watakaa uwanjani, mbalimbali, hakuna kunong'ona. Akikuta sentensi moja, moja tu, katika karatasi mbili, darasa zima halifanyi mtihani mkubwa. Mwalimu Jeremia alijaribu kusema jambo, akakatizwa. Mimi niliuliza kama anajua kuna mtoto humo asiye na mwaka mwingine. Akasema, "Angefikiria hilo mapema."

Jioni ile kabla hawajaondoka niliwasimamisha mbele yangu. Niliwaomba, sikuwaamrisha. Niliwaambia kesho si siku ya imekaa. Kesho kila mtu na kichwa chake, na maneno yake, msifanane hata nukta. Niliwaeleza kitakachotokea, na nilimtazama Nekesa nilipokuwa nikieleza. Wote waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti moja tamu. Adabu ile ingenishtua kama ningekuwa na akili zangu. Waliondoka kwa barabara yao, na kwa mara ya kwanza sikusikia wakikariri. Nikafikiri, maskini, wamefadhaika.

Asubuhi tulitoa madawati uwanjani tukayatawanya kutoka goli hadi goli. Upepo wa milima ya Mau ulikuwa unauma masikio, kila karatasi ilikandamizwa kwa jiwe. Bwana Obadia aligawa vijikaratasi vyenye mada alizoandika mwenyewe, na lazima nikiri, alikuwa amefanya kazi. Mzunguko wa damu. Matumizi ya ramani. Nzige. Kwa nini mkate huumuka. Faida ya chanjo. Mvua ya mawe. Biashara kabla ya fedha. Hakuna mada iliyojirudia. Nekesa alipata damu, Wambui ramani, Kiptoo mkate, naye alitazama kijikaratasi chake kama aliyepewa barua ya mtu mwingine.

Mwanzoni hakuna aliyeandika. Walikaa wakitikisa midomo bila sauti, kila mmoja peke yake katika ule upepo. Watoto waliozoea kuguniwa na kusahihishwa, leo hakuna wa kuwaambia imekaa. Supavaiza akapaaza sauti, "Midomo!"

"Wanafikiri," nikamwambia.

"Wafikiri kwa kichwa."

"Kwao mdomo ni sehemu ya kichwa, Bwana. Hata kwako naona hivyo hivyo."

Mwalimu Jeremia alikohoa, kile kikohozi chake cha kunifunga breki. Kisha nikamwona Nekesa akipiga dawati kwa kiganja, polepole, mara moja, akachovya kalamu. Baada yake kiganja kingine kikapiga kule mbali, na kingine. Kila mmoja alikuwa anajiambia mwenyewe. Nilijipangusa macho kwa ncha ya mtandio nikasingizia upepo.

Tulizisoma ofisini, watu watatu na meza moja, mlango umefungwa. Bwana Obadia alisoma kwa sauti ili sote tusikie. Ya Kiptoo ilisema: "Mkate nimeuona dukani, sijaula. Lakini najua hamira hutengeneza hewa ndani ya unga, na mwenye kula mkate hula hewa nyingi kwa bei ya unga." Mwalimu Jeremia alicheka mpaka miwani ikamtoka. Ya Wambui ilieleza vipimo na dira vizuri kabisa, kisha ikasema ramani huonyesha mahali palipo, haionyeshi aliyeondolewa hapo. Supavaiza aliisoma hiyo mara mbili, ya pili kimoyomoyo. Ya Nekesa ilisema moyo ni mfanyakazi asiye na likizo, na ukitaka kujua kazi yake usimwangalie mtu usoni, mshike mkono. Zilikuwa tofauti, zote. Hakuna hata moja iliyoazima mwanzo wala katikati ya mwenzake. Nilikuwa ninataka kuruka juu.

Ndipo tulipoona miisho.

Chini ya insha ya damu, mstari wa mwisho kabisa: "Haya nimeyaandika peke yangu, lakini sikuyajua peke yangu." Chini ya insha ya mkate, maneno hayo hayo. Chini ya ramani. Chini ya nzige. Bwana Obadia aliendelea kufunua karatasi moja baada ya nyingine, na sauti yake ikazidi kushuka hadi ikaisha. Wote. Waliambiwa sentensi moja tu itawanyima mtihani, nao wakakubaliana sentensi moja. Nekesa, mwenye kupoteza kila kitu, alikuwa ameiandika kwa mwandiko mkubwa kuliko wote.

"Umewafundisha wewe," akaniambia.

"Ningejua ningewakataza. Niliwaomba wasifanane hata nukta."

"Basi kwa nini?"

Nilimwambia jinsi nilivyoona. Aliwaita wezi mbele ya mwalimu wao. Mtoto akiitwa mwizi wa kitu alichokitengeneza kwa mkono wake na mikono ya wenzake, atafanya nini? Hawa walimpa alichotaka, kila mtu na insha yake, wakathibitisha kwamba wanaweza. Halafu wakakataa kumkubalia kwamba hilo ndilo la maana. Nilimwambia mimi ni mwalimu wao na wamenizidi, na kama atawafungia nje basi aandike sababu yenyewe, aandike kwamba wamefungiwa kwa kusema kweli, na mimi nitaipeleka kwa mkubwa wake Mzungu kwa miguu yangu, na gambuti.

Alizirundika karatasi upya mbele yake. Kisha akachukua rula na nusu ya penseli yangu nyekundu. Juu ya ile sentensi ya mwisho, katika karatasi ya kwanza, akapiga mstari. Akapiga katika ya pili. Alipiga katika zote, bila haraka, akisema kama anayejisomea sheria: "Kilicho juu ya mstari ndicho insha. Nimesoma insha. Hazifanani."

"Darasa litafanya mtihani," akasema. "Ila wewe, Mwalimu, muhula ujao unahama. Naivasha, darasa la kwanza. Ukawafundishe a, e, i, o, u."

Walifanya mtihani. Si wote waliopasi, sitawatilia chumvi, Kiptoo alianguka hesabu akaenda kujifunza ufundi wa matrekta. Wambui alipasi. Nekesa alipasi, akasomea uuguzi, na miaka mingi baadaye alinichoma sindano katika hospitali fulani akaniuliza kama imekaa. Nami nilikwenda Naivasha kweli, nikawafundisha wadogo a, e, i, o, u kwa mdomo, kwa pamoja, wakiguna na kukubali, na nikaendelea hivyo kila shule niliyopelekwa mpaka mwaka huu mlioninywesha chai. Nilihamishwa tena na tena kwa sababu hiyo. Sikuacha.

Lakini nimekimbia mbele, na siku ile haijaisha. Bwana Obadia alipomaliza kupiga mistari alinisukumia rundo lote pamoja na kalamu yake. Utaratibu ulitaka mwalimu wa darasa atie sahihi chini ya kila karatasi, kushuhudia kwamba mtoto ameandika mwenyewe. Ya juu ilikuwa ya Nekesa. Niliisoma tena ile sentensi yao iliyotengwa chini ya mstari mwekundu: haya nimeyaandika peke yangu, lakini sikuyajua peke yangu. Chini yake nikaandika, "Wala mimi," nikatia jina langu lote.

Bwana Obadia akainama akasoma. "Mwalimu, unajua ulichoandika hapo?"

"Najua," nikamwambia. "Nipe inayofuata."